Lugha ya programu kuzijua namba changamano ni kujua nini?

Namba changamano ina sehemu mbili: iliyo halisi, na ile inayozidishwa kwa i, yaani kipeuo cha pili cha -1. Mfano ni 3 + 4i. Mafundi wa umeme wanaokokotoa mkondo geu huzihitaji sana, ila wao huandika j, kwa sababu kwao i tayari ni alama ya mkondo. Lugha ya programu ya Python imefuata desturi yao.

Andika (3+4j)*(1-2j) kwenye Python, utapata 11-2j bila kuita maktaba yoyote, yaani msimbo wa ziada ulioandikwa tayari. Huko ndiko kuzijua: namba changamano ni aina ya data kama namba nzima na desimali, na alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya zinazielewa. Fortran ina aina ya COMPLEX tangu kiwango chake cha mwaka 1966. C ilisubiri hadi 1999. Go inazo mbili, complex64 na complex128. Java haina. Humo utaunda klasi yako, yaani aina ya data ya kujitengenezea, au utatafuta maktaba, na kwa kuwa Java hairuhusu kuzipa alama za hesabu maana mpya, a*b + c hugeuka a.zidisha(b).jumlisha(c). Fomula ikirefuka, kosa hujificha humo usilione.

Kujiundia kuna mtego mwingine, nao ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ukubwa wa a + bi ni kipeuo cha pili cha a² + b². Kwa 3 + 4i ni 5. Sasa weka 3e200 (3 ikifuatwa na sufuri 200) na 4e200. Miraba yake inavuka kikomo cha desimali za biti 64, takribani 1.8e308, na klasi yako itajibu infiniti. Abs, amri ya Python ya kupata ukubwa, hujibu 5e200, kwa kuwa walioiandika waliuona mtego huo mapema. Kugawanya nako ni hivyohivyo.

Ukitaka kuipima lugha, iulize kipeuo cha pili cha -1. JavaScript hujibu NaN, yaani "si namba", na kuendelea na kazi. Common Lisp hukupa namba changamano papo hapo. Julia hukataa -1 tupu, lakini ukiandika -1+0im (im ndiyo i yake) hukubali. Mimi naona Julia imefanya vyema: hasi iliyopenya kwa bahati mbaya kwenye hesabu ya umbali itakamatwa palepale, kabla haijaharibu mistari inayofuata.