Viputo si ushahidi kwamba taa ni ya Murano

Wanunuzi wa taa kuukuu za Italia wamezoea kuambiwa kwamba kioo chenye viputo kimepulizwa kwa mdomo huko Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo karibu na Venice. Si kweli. Kioo cha bei rahisi kilichoshindiliwa na mashine nacho hubaki na viputo kisipoiva vizuri tanuruni.

Viputo vya mafundi wa Murano huwekwa kwa makusudi. Katika mbinu ya bullicante, donge la kioo moto husukumwa ndani ya kalibu yenye miiba, likatoka na vishimo. Kisha huchovywa tena kwenye kioo kilichoyeyuka. Tabaka jipya hufunika vishimo na kunasa hewa, hivyo viputo hukaa kwa mistari iliyopangika. Mbinu ya pulegoso, aliyoitumia mbunifu Napoleone Martinuzzi katika kiwanda cha kioo cha Venini mwishoni mwa miaka ya 1920, ni tofauti: kioo huchanganywa na kitu kinachotoa gesi, kikajaa povu lisilo na mpangilio.

Kwa hiyo kagua mengine. Pitisha ukucha ubavuni: mshono ulionyooka, pande mbili zikitazamana, ni dalili ya kalibu ya mashine. Kutokuwepo kwake pekee hakutoshi, maana mshono husuguliwa ukaisha. Unene wa ukingo wa kioo kilichopulizwa kwa mdomo nao mara nyingi hutofautiana kidogo. Kibandiko cha kiwanda usikitegemee, hubanduka na kuhamishwa.