Je, wajua kwa nini ndege ya modeli hupiga mbizi kabla ya kuachia kamba ya winchi?

Ukitazama kwa mara ya kwanza ndege ndogo isiyo na injini ikirushwa kwa winchi, yaani mashine ya kukunja na kuvuta kamba, utadhani rubani, anayeiongoza kwa redio akiwa ardhini, amekosea. Ndege imepanda hadi karibu na kilele, kamba imekaza, na pale unapotarajia iachie na kuanza kuelea, inainamisha pua na kuporomoka. Muda mfupi tu. Kisha kamba inachomoka, ndege inageuza pua juu na kufyatuka hadi makumi ya mita kupita pale ilipokuwa. Inakuwaje ipoteze kimo ili ipate kimo?

Jibu limo kwenye kamba. Winchi huwekwa karibu na rubani; kamba hutoka hapo hadi kwenye roda iliyofungwa ardhini, upande upepo unakotoka, halafu hurudi kwa rubani na kushikizwa kwenye ndege. Katika F3B, daraja la mashindano ya ndege za modeli zisizo na injini lililo chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, roda hiyo haivuki mita 200 kutoka kwenye winchi. Mota ni ya umeme, mara nyingi ya jamii ileile inayowashia injini za magari, na rubani huiendesha kwa pedali ya mguu. Kamba yenyewe ni uzi mmoja wa nailoni, kama mshipi mnene wa kuvulia samaki. Nailoni hunyumbuka, na hilo ndilo jambo kubwa.

Wengi huamini winchi ndiyo inayoinua ndege. Sivyo. Winchi huvuta kuelekea roda tu: mwanzoni ni mbele, lakini ndege ikishapanda sana, ni chini. Kinachoinua ni bawa, na bawa lina kazi ngumu. Chukua ndege ya kilo 2 kwenye kamba yenye mkazo wa niutoni 200. Karibu na kilele, bawa hilo linabeba kama kilo 22, yaani mara 11 ya uzito wa ndege. Si ajabu boriti ya ndani ya bawa hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni.

Bawa likivuta juu na winchi ikivuta chini, uzi unarefuka. Tuseme umerefuka mita 15 kwa mkazo huohuo. Nishati iliyojificha ndani yake ni nusu ya 200 mara 15, sawa na jouli 1,500. Hiyo inatosha kuipandisha ndege yetu mita 76 hivi, kama hakuna kinachopotea.

Sasa, ukiachia kamba pale kileleni, nishati hiyo unaitupa: uzi utajikunja urudi ardhini na ndege haitapata kitu. Kani hukipa kitu nishati pale tu kinaposogea upande inakovutwa, na kamba inavuta kuelekea roda. Kwa hiyo ndege haina budi kuelekea huko huko. Ni manati ambayo jiwe lake huifuata mipira kwanza, kisha likageuka juu lenyewe.

Kimo kinachopotea kwenye mbizi hakipotei bure. Kinageuka kuwa kasi, na uzi unaongeza ya kwake juu yake. Na kasi hulipa vizuri, maana kimo huenda na mraba wa kasi. Mita 20 kwa sekunde zingekupa mita 20 za kupanda. Mita 40 kwa sekunde zingekupa kama mita 80. Ukinzani wa hewa hula sehemu, hasa ukigeuza pua kwa ghafla mno.

Kulabu ya ndege iko chini ya tumbo, mbele kidogo ya kitovu cha uzito, na imefunguka kwa nyuma. Ndege ikiipita kamba, pete huteleza yenyewe.

Siku yenye upepo mzuri mambo hupendeza zaidi. Rubani anaweza kuondoa mguu kwenye pedali kabisa. Kizuizi kinazuia dramu, yaani kigurudumu cha winchi kinachokunja kamba, isirudi nyuma, na upepo unaolisukuma bawa ndio unaouvuta uzi. Hapo mruko wa mwisho umelipiwa na upepo, betri imepumzika.