Ukiwa bado unajifunza kazi, mwonyeshe mteja kipimo

Vijana wanaoanza kazi ya viyoyozi huniuliza swali lilelile: mteja ataniamini vipi wakati sina jina? Wengine wametoka chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe juzi tu, wengine wamejifunzia mtaani kwa kumbebea fundi mkubwa ngazi na mtungi wa gesi. Jibu langu ni hili: usihangaike kumwaminisha mteja kwamba unajua mengi. Mwonyeshe umejuaje hicho kimoja unachomwambia.

Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye kazi nilipoitwa kwenye nyumba ya wageni Mbezi Beach. Ilikuwa Februari, lile joto la Dar ambalo saa tatu asubuhi shati limeshaganda mgongoni. Nikamwamkia mwenye nyumba, akaitikia bila kuniangalia. "Mwanangu, wewe ni wa tatu. Wa kwanza kasema gesi imeisha, akajaza. Wa pili naye kasema gesi. Na wewe utasema gesi?"

"Sijui bado, mama. Naomba nipime kwanza."

Nikapanda. Feni ya nje inazunguka, lakini kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inaguna sekunde chache kisha inakata. Nikazima umeme kwenye breka, nikaondoa chaji iliyobaki kwenye kapasita, nikaichomoa na kushuka nayo hadi alipokaa. Nikamwomba asome mwenyewe ubavuni: mikrofaradi 35. Halafu nikaiunga kwenye mita ya kupimia mbele yake. Ikasoma 11.

Alivaa miwani, akaisoma tena. Sikuwa na haja ya kumweleza sana. Nilimwambia tu kwamba hicho ndicho kinachoisaidia kompresa kuanza kuzunguka, na kwamba habari ya gesi siwezi kuisema mpaka kompresa izunguke. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na kapasita mpya na risiti yake. Kompresa ikashika. Nikapima ampea, yaani umeme inaovuta, nikazilinganisha na zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, kisha nikaunga geji ya kupima presha ya gesi. Gesi ilikuwa sawa. Bei ya kapasita haikufika hata robo ya gharama ya kujaza gesi.

Hapa niseme jambo ambalo kila mteja anastahili kuambiwa. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya bodaboda. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inaenda na kurudi. Ikipungua, imevuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache tu. Povu la sabuni kwenye nati za maungio linaonyesha mengi. Na bomba likiganda barafu, usikimbilie gesi: chujio lililojaa vumbi nalo linaleta barafu hiyohiyo, kwa kuwa hewa haipiti vya kutosha. Fungua chujio umwonyeshe mwenye nyumba. Ataelewa.

Nimewahi kufanya kinyume na haya, na bado linaniuma. Ilikuwa Sinza, mashine inayotumia aina ya gesi iitwayo R-410A. Mimi nilikuwa nimezoea gesi ya zamani, R-22, ambayo upande wa kunyonya, ule wa presha ndogo, tunategemea kuona presha ya psi 65 hadi 70. Nikaona 70 kwenye geji, nikamwambia yule kaka gesi ipo vizuri, nikaosha mashine, nikalipwa. Kumbe R-410A inatakiwa isome zaidi ya 100. Ile 70 ilikuwa inapiga kelele kwamba gesi imepungua, na bomba lilikuwa linaganda mbele ya macho yangu. Fundi mwingine ndiye aliyeona tundu, baada ya wiki. Ningesema tu, "kaka, gesi hii sijaizoea, nipe hadi kesho nimuulize mkubwa wangu," ningerudi pale. Sikuitwa tena.

Ndiyo maana nawaambia vijana wasiogope mabadiliko ya gesi. R-22 inaondolewa hatua kwa hatua chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa mataifa wa kulinda tabaka la ozoni, na mashine mpya zinakuja na R-32, ambayo inaweza kushika moto na inataka uangalifu wake. Mafundi waliotulea walikulia kwenye R-22. Kwenye R-32 na mashine za inveta, zile zinazopandisha na kushusha kasi ya kompresa zenyewe, wengi wao wanajifunza pamoja na wewe. Ukikaa usiku ukasoma kitabu cha mashine, ukajua kwamba inveta ukiizima unasubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa bodi kwa sababu umeme unabaki ndani, wakubwa wenyewe wataanza kukupigia simu. Kama hukupita chuo, ulizia VETA utaratibu wa urasimishaji ujuzi. Wanakupima kwa unachokifanya kwa mikono yako na unapata cheti. Cheti kinakufungulia milango ya ofisi. Kwa mteja wa nyumbani, kipimo kinafika mbali zaidi.

Na kipimo kiandike. Mimi naacha karatasi moja kwa kila mashine: tarehe, aina ya gesi, presha, ampea, joto la hewa inayoingia na inayotoka, nilichobadilisha, na mstari wa mwisho, "sijakagua" hiki au kile. Mstari huo wa mwisho vijana wanauonea aibu. Mimi nauandika kwa herufi kubwa, kwa sababu fundi atakayekuja baada yangu ataanzia hapo na mteja hatalipia kazi ileile mara mbili.

Karatasi ya Mbezi Beach mama aliigandisha kwa selotepu ndani ya mlango wa boksi la breka. Nilipopita mwaka jana niliikuta, imegeuka njano. Chini ya vipimo vyangu mafundi wengine wawili walikuwa wameandika vyao.