Gugu lenye harufu ya kivumbasi: namna ya kulitambua

Mvua zikikatika, Mesosphaerum suaveolens, ambalo vitabu vya zamani vinaliita Hyptis suaveolens, huiva na kumwaga mbegu. Gugu hili lilitoka Amerika ya kitropiki. Pwani ya Tanzania huota kando ya barabara, kwenye malisho yaliyochoka na mashamba yaliyoachwa.

Shina la pembe nne, majani yanayotazamana na harufu kali havithibitishi lolote. Rehani, nanaa na kivumbasi vyote viko hivyo, kwa hiyo tunaomba watu waache kung'oa kwa kunusa. Kuloweka mbegu nako hakusaidii: za rehani pia hutoa ute.

Kinachoamua ni kikombe kinachoshika ua. Cha gugu kina mistari kumi iliyoinuka na meno matano membamba yanayolingana, ambayo kikikauka huchoma kama miiba na kunasa kwenye nguo na manyoya ya mifugo. Cha kivumbasi kina mdomo wa juu mpana, wa mviringo. Maua ya gugu ni madogo, ya zambarau, hukaa machache machache kwenye makwapa ya majani. Ya kivumbasi hupangana kwenye mkia mrefu nchani. Pasua kikombe kikavu: kivumbasi kwa kawaida kina mbegu nne, gugu lina moja au mbili, bapa, zenye pengo nchani.

Sampuli unayotuletea tuitambue iwe na ua, kikombe kikavu na majani ya chini. Ibane kati ya magazeti, badilisha karatasi kila siku hadi ikauke, na uandike mahali, tarehe, kimo na rangi ya ua bichi, maana rangi hupotea. Jani moja ndani ya mfuko wa plastiki hufika limeoza, na hatuwezi kulitolea jibu.

Wanaoagiza mbegu za kinywaji ziitwazo chan wajue ndizo mbegu za gugu hili. Kibali cha kuingiza mimea huombwa kabla mzigo haujasafirishwa, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi utokako. Usio na nyaraka huweza kurudishwa au kuteketezwa.

Ng'oa kabla halijatoa maua. Vikombe vikishakauka usifyeke, utamwaga mbegu. Kata taratibu, tia gunia, choma hapo hapo. Rudi mvua zijazo, kwani mbegu hazioti zote kwa pamoja. Anayelifukiza kufukuza mbu achukue majani mabichi tu.