Je, wajua nanga ya meli iliyopigwa kombora inavyoweza kukata intaneti?

Tarehe 18 Februari 2024, meli ya mizigo Rubymar, iliyosheheni zaidi ya tani 20,000 za mbolea, ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen karibu na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Mabaharia waliteremsha nanga, wakaokolewa, wakaiacha meli. Haikuzama papo hapo. Kwa karibu wiki mbili ilisukumwa na upepo na mikondo, nanga ikiburuza chini, hadi ikazama tarehe 2 Machi.

Katikati ya safari hiyo isiyo na nahodha, mikongo mitatu ya mawasiliano iliyolazwa chini ya bahari ilikatika: AAE-1, EIG na Seacom. Inaaminika kuwa ni ile nanga. Seacom si mgeni kwetu, tangu 2009 umefika Mombasa na Dar es Salaam.

Zamani mwanafunzi wa usalama wa kimataifa alihesabu vifaru na vichwa vya nyuklia, kisha akauliza nani anamtisha nani. Miaka ya 1980 wasomi kama Barry Buzan walisisitiza kwamba uchumi, jamii na mazingira navyo ni mambo ya usalama. Kisa cha Rubymar kinakwenda mbali zaidi, maana hapa huhitaji hata adui anayekulenga. Kombora lililenga meli, lakini hasara ikafika kwa watu ambao hawajawahi kuiona Bahari ya Shamu.

Tena hasara hizi hulimbikizana. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, mkongo wa Seacom na mwingine uitwao EASSy ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Njia ya kaskazini, ile ya Bahari ya Shamu, ilikuwa bado haijatengenezwa, basi Tanzania na majirani zake intaneti ikasuasua kwa siku kadhaa. (Ndiyo maana mimi humwuliza kwanza mtu wa mkongo, halafu mwanajeshi.)

Kwa nini kaskazini kulichelewa? Meli ya matengenezo hulazimika kusimama mahali pamoja siku nyingi, na katika bahari yenye makombora hiyo ni shabaha tupu. Bima yake ni ghali. Halafu kuna kibali: Yemen ina serikali Aden na watawala wengine, Wahouthi, Sana'a, na kampuni ikiomba ruhusa upande mmoja, inamuudhi wa pili.