Laini ni mafiga: Chiefs walivyoijenga 2021 na walivyoivuruga 2024

Kuna swali naulizwa sana na jamaa zangu, wa huku na wa nyumbani wanaokesha kuangalia NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani: timu laini yake ya ofensi ikiwa inavuja inarekebishwaje, si wanunue tu takeli mmoja wa hela ndefu yaishe? Mimi ni kocha wa laini, nafundisha vijana wa sekondari hapa Missouri, kila siku kazi yangu ni miguu na mikono ya wale watu watano wanaosimama mbele ya kotabeki, kwahiyo hili swali linanigusa kweli na nataka nilijibu kwa mfano ambao wengi tumeuona kwa macho yetu, Kansas City Chiefs.

Kwa ambao hamjauzoea mchezo nieleze haraka. Katikati yupo senta, huyo ndo anauanzisha mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake kwenda nyuma kwa kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi. Ubavuni kwake kulia na kushoto kuna magadi wawili, halafu nje kabisa matakeli wawili. Wengi wao wana kilo 140 na kuendelea, pasi hawadaki, majina yao hayatajwi mpaka wakosee, na wanachotakiwa kumpa kotabeki ni kama sekunde mbili na nusu, akibahatika tatu. Kotabeki anayetupa kwa mkono wa kulia, mgongo wake analindiwa na takeli wa kushoto, ndo maana huyo analipwa sana na kila mtu anamfikiria yeye kwanza. Mimi sianzi na yeye, na ntasema kwa nini.

Turudi Februari 7, 2021, Super Bowl, yaani fainali ya ligi, kule Tampa, Chiefs wamepigwa 31 kwa 9 na Buccaneers, timu ya hapo hapo Tampa. Ile mechi nimeirudia mara nyingi mno. Eric Fisher, takeli wa kushoto, alikuwa ameumia kisigino mechi iliyotangulia, Mitchell Schwartz wa kulia mgongo ulishamtoa muda mrefu, na Laurent Duvernay-Tardif, gadi ambaye ni daktari kabisa wa kusomea, msimu mzima aliuacha akaenda kuhudumia wagonjwa Canada wakati wa korona. Ikabidi wapange watu wa akiba, na baadhi yao hawakuwa kwenye nafasi zao. Patrick Mahomes, kotabeki wa Chiefs, alibanwa mara 29, na ukipima alivyokuwa anazunguka huku na huku kabla ya kutupa au kuangushwa unapata yadi 497, yaani karibu nusu kilomita anakimbia kuokoa roho yake. Na Tampa walikuwa hawaleti watu wengi! Blitsi zao, yaani kuongeza watu wa kumkimbilia kotabeki, zilikuwa za kuhesabu, wanne wa mbele walitosha.

Sasa angalia walichofanya. Mwezi uliofuata Fisher na Schwartz wakaachwa wote wawili siku moja. Akaja Joe Thuney, gadi wa kushoto, miaka mitano kwa dola milioni 80, hela ambayo wengi walishangaa kumpa gadi. Aprili wakatoa chaguo lao la 31 na mengine ya drafti, ile zamu ya timu kuchagua wachezaji wanaotoka chuo, wakamchukua Orlando Brown Jr. kutoka Baltimore awe takeli wa kushoto. Kwenye drafti wakachagua senta, Creed Humphrey, namba 63, halafu raundi ya sita namba 226 wakampata Trey Smith, gadi ambaye uwezo wake ulikuwa wa raundi za juu ila timu zilimwogopa sababu alishawahi kukutwa na damu iliyoganda kwenye mapafu akiwa chuo. Mechi ya kwanza ya msimu, watu watano wapya mbele ya Mahomes, na Humphrey na Smith wakaanza mechi zote 17 wakiwa wageni kabisa wa ligi.

Ona hela na akili nyingi zilikoenda: katikati. Mimi vijana wangu huwa nawaambia senta na magadi wawili ni mafiga matatu na kotabeki ndo chungu. Mtu akimshinda takeli kwa nje, kotabeki bado ana pa kwenda, anapiga hatua mbili mbele na yule anayekuja kwa kuzunguka anapitiliza nyuma yake. Lakini hiyo hatua ya mbele ipo tu kama mafiga yamesimama. Gadi akisukumwa mpaka mapajani kwa kotabeki hakuna mbele tena, hakuna kutupa kwa nguvu maana mguu hauna pa kukanyaga, na hapo hata takeli aliyefanya kazi yake vizuri anaonekana mbovu kwasababu kotabeki anamkimbilia yeye na kumletea mtu wake mgongoni.

Kitu kingine ni mazoea ya pamoja, na hapa nataka niwasogeze karibu kabisa. Kuna mbinu ya walinzi, wale wapinzani wanaomfukuza kotabeki, inaitwa stanti. Yule mnene wa ndani, anayemkabili gadi, haendi mbele, anakatiza kwa nje na kumgonga takeli mbavuni, na yule mwepesi wa nje anazunguka nyuma yake kuingia kwenye uwazi alioacha. Gadi akimfuata mtu wake wamekwisha, atagongana na takeli na mlango unabaki wazi. Anachotakiwa ni kumsukuma yule mnene kwa mkono mmoja amkabidhi kwa takeli, macho tayari yameshageuka, mkono wa pili uko wazi unamsubiri anayezunguka. Yote hayo hayafiki sekunde moja na hakuna muda wa kuongea, unasikia kwa kiwiko tu kwamba mwenzako kashapokea. Na inawezekana tu kama wote wawili wako usawa mmoja, mmoja akirudi nyuma hatua moja zaidi ya mwenzake, goti la huyu linakutana na goti la yule. Mazoezini nawapa taulo moja, gadi kashika pembe hii na takeli ile, wanarudi nyuma pamoja na taulo lisilegee wala lisivutike. Jumanne nzima wanafanya hilo tu, wanalichukia, na siwaonei huruma.

Kwahiyo mtu mpya, hata awe hodari vipi, siku ya kwanza hajui kiwiko cha jirani yake.

Februari 12, 2023 ndo jibu lilipopatikana. Super Bowl nyingine, Chiefs na Eagles wa Philadelphia, na Eagles msimu ule walikuwa wamewaangusha makotabeki mara 70, idadi ambayo timu chache sana zimewahi kufika. Usiku ule Mahomes, kifundo cha mguu kinamuuma, hakuangushwa hata mara moja, wakashinda 38 kwa 35. Mimi nililia, kweli kabisa, sababu hiyo sifuri ni ya watu watano.

Halafu 2024. Takeli wa kushoto wakampa kijana Kingsley Suamataia, mechi ya pili akapigwa benchi, akaingia Wanya Morris naye akahangaika, wakamleta D.J. Humphries akaumia msuli wa paja. Desemba wakamtoa Thuney, mmoja wa magadi bora ligi nzima, kwenye nafasi yake wakampeleka takeli. Naelewa kwa nini, hawakuwa na mtu, na walikuwa wanashinda, mechi 15 kati ya 17, na ukishinda hivo nani atakusikiliza ukilalamika? Ila hesabu yake ni mbaya. Ulikuwa na tundu moja pembeni, sasa una takeli wa kuazima na figa jipya lisilozoeana na wenzake. Februari 9, 2025, Super Bowl tena, Eagles walewale hawakuleta blitsi hata moja, wanne tu, Mahomes akaangushwa mara sita, mapumziko ilikuwa 24 kwa 0, Chiefs wakafungwa 40 kwa 22.

Nasema hivi kwasababu nilishafanya kosa hilo hilo. Miaka michache nyuma takeli wangu aliumia, nikahamisha gadi wangu bora akazibe. Yeye alicheza vizuri tu. Kotabeki wangu, mtoto wa miaka 16, alitoka uwanjani kashika bega baada ya kupigwa kutoka katikati, kwenye nafasi ile ile niliyoiacha wazi mimi. Sijarudia.

Kama uko katikati ya msimu na pembeni kunavuja, basi mfunike takeli dhaifu palepale alipo. Mpe mtu wa kumsaidia begani kabla msaidizi huyo hajakimbia njia yake ya kupokea pasi, tupa pasi za haraka, kimbiza mpira zaidi, badili mwito wa kuanzia ili walinzi wasikutegee. Hayo hayaponyi, yanakufikisha tu mwisho wa msimu, na kujenga ni baada ya hapo.

Mwaka 2025 Chiefs walimpeleka Thuney Chicago, wakachagua takeli Josh Simmons namba 32 japo alitoka kuumia goti chuoni, wakamhamishia Suamataia ndani awe gadi, na Smith wakampa miaka minne kwa dola milioni 94. Wengi wanamtazama Simmons. Mimi nikiweka video naanza na Suamataia, natazama mguu wake wa kulia ulivyokaa na wa Humphrey, na kama mkono wake wa pili unabaki wazi pale mtu wake anapokatiza.