Kwani taa zimeharibika? Makumbusho ya sanaa kwa jicho la mhifadhi

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote kazini halihusu wachoraji wala bei za picha. Ni hili: "Kwani taa zimeharibika?" Mgeni amelipa tiketi, amesimama kwenye foleni, kisha kaingia chumba cha michoro ya karatasi na kukuta mwanga kama wa saa moja jioni. Taa hazijaharibika. Nimezipunguza mimi.

Kazi yangu ni kuhifadhi sanaa za karatasi: michoro ya penseli na wino, rangi za maji, picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao. Wasafiri wengi huingia makumbusho wakiamini kwamba kilichotundikwa ukutani kipo pale siku zote, kikiwasubiri wao. Sivyo. Jumba la sanaa lina tabia zake kama nyumba ya mtu. Lina siku ya kufunga mlango, lina vitu vilivyokopeshwa, na lina vitu vilivyolazwa ndani vipumzike. Ukizijua tabia hizo, siku tatu za mapumziko mjini zinakutosha kuona mengi. Usipozijua, utarudi na miguu inayouma na picha za simu zisizokukumbusha kitu.

Nianze na mwanga, maana ndio unaonilisha.

Mwanga hula rangi, na kilicholiwa hakirudi. Hakuna dawa ninayoweza kuipaka ikarudisha wekundu uliokwisha kupauka. Kibaya zaidi, madhara yake hujumlishwa: muda wa saa kumi chini ya luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) ni sawa na muda wa saa moja chini ya luksi 500, ambao ni mwanga wa ofisi ya kawaida. Ndiyo maana kwa karatasi tunashikilia takriban luksi 50, na kwa picha za rangi za mafuta, ambazo ni ngumu zaidi, tunaruhusu 150 hadi 200. Hata kwa mwanga huo hafifu, mchoro wa karatasi kwa kawaida hukaa ukutani miezi michache tu, halafu unarudishwa kwenye droo yenye giza kwa muda mrefu.

Ukitaka kuona mwanga umefanya nini, mtazame Van Gogh. Chumba chake cha kulala alichokichora mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1888 kina kuta za samawati, na watu wamezipenda hivyo. Lakini yeye mwenyewe aliandika kwenye barua kwamba kuta zile ni za zambarau iliyofifia. Alichanganya samawati na nyekundu. Nyekundu aliyoitumia ilikuwa ya aina isiyostahimili mwanga, ikapotea. Tunachokisifu leo ni masalia. Na hiyo ni rangi ya mafuta. Fikiria rangi ya maji, iliyo nyembamba kama pumzi juu ya karatasi.

Sasa hili linamhusu vipi mtu aliye likizoni? Kwanza, kile ulichokifuata huenda hakipo ukutani. Sungura wa Albrecht Dürer, wa mwaka 1502, ni mali ya jumba la Albertina mjini Vienna, na sura yake imejaa kwenye vikombe na mifuko, lakini mchoro wenyewe hutolewa mara chache sana. Kwa kawaida wageni huonyeshwa nakala. Wimbi kubwa la Hokusai, msanii wa Japani, lipo katika makumbusho mengi duniani kwa sababu ni chapa na zilitolewa nyingi, ila kila jumba huitoa yake kwa zamu. Nami niliumwa na nyoka wangu mwenyewe: niliwahi kusafiri kwa ndege ili kuona mchoro mmoja tu, nikakuta kikadi kinachosema umepumzishwa. Kikadi cha aina ileile ninachokiandika mimi kila mwaka! Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akanisogelea. Tangu siku hiyo sikati tiketi ya safari kabla sijatafuta kazi yenyewe kwenye tovuti ya jumba husika. Nyingi huonyesha kama kitu kipo ukutani na kiko chumba namba ngapi. Kama hazionyeshi, waandikie. Watu wa kwenye dawati la maulizo hujibu kuliko unavyodhani.

Pili, macho yako yanahitaji muda. Nje penye jua kali kuna makumi ya maelfu ya luksi, na wewe unatoka huko moja kwa moja hadi kwenye 50 zangu. Dakika za mwanzo huoni kitu, na ndizo hizo unazotumia kulalamika. Pita kwanza vyumba vyenye mwanga wa kati, uingie chumba cha karatasi baadaye, kisha ukae humo dakika kumi bila kufungua simu. Utashangaa mistari ya penseli inavyojitokeza mmoja baada ya mwingine.

Ila si kila giza ni kosa langu. Picha kubwa za Mark Rothko zilizoko makumbusho ya Tate mjini London zimewekwa kwenye mwanga mdogo kwa sababu mchoraji mwenyewe alipenda zionekane hivyo. Zikimulikwa sana zinakuwa kuta nyekundu tu. Gizani, kingo zake huanza kusogea. Na kuna upande wa pili kabisa: vyumba viwili vya umbo la yai kule jumba la Orangerie mjini Paris, vilivyofunguliwa mwaka 1927 kwa ajili ya mayungiyungi ya Monet, hupata mwanga wa mchana kutoka juu ya dari. Wingu likipita, maji yaliyochorwa nayo yanabadilika. Usiingie na kutoka. Kaa kwenye benchi, usubiri hali ya hewa ikufanyie kazi.

Baridi ile ya ndani pia ni yetu, mnisamehe. Majumba mengi hulenga nyuzi 20 hivi na unyevu wa hewa wa karibu asilimia 50, kwa kuwa mbao, turubai na karatasi hutanuka na kusinyaa unyevu ukipanda na kushuka, na rangi iliyo juu yake hupasuka. Beba sweta. Begi la mgongoni utaambiwa uliache au ulibebe mbele, na sababu yake ni rahisi: mtu hajui mgongo wake unaishia wapi anapogeuka.

Siku ya kufunga ndiyo inayowaliza wengi. Louvre ya Paris hufunga Jumanne. Musée d'Orsay, ng'ambo tu ya mto, hufunga Jumatatu. Mjini Madrid, Reina Sofía hufunga Jumanne ilhali Prado huwa wazi. Metropolitan ya New York hufunga Jumatano. Hakuna kanuni moja, na jumba moja likifungwa, lile jirani hujaa watu wote waliofukuzwa mlangoni. Kwa hiyo Louvre ya Jumatatu ni shida. Kinyume chake ni saa za usiku, ambazo naziona zawadi isiyotumiwa: Louvre hukaa wazi hadi saa tatu usiku Jumatano na Ijumaa, Orsay hadi saa nne kasorobo siku ya Alhamisi. Vikundi vya watalii vimeshaenda kula, watoto wa shule hawapo, na unaweza kusimama mbele ya picha bila kiwiko cha mtu ubavuni. Prado haitozi kiingilio saa mbili za mwisho wa siku. Foleni ya kuingia bure ni ndefu, lakini kwa mtu anayetaka kuona picha mbili tu na kuondoka, inafaa.

Nimesema picha mbili, na sikutania. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston aliandika kuhusu uchovu wa makumbusho, akiwa na picha za mtu aliyeinama, aliyechuchumaa na aliyejikunja mbele ya makabati ya vioo akijaribu kuona. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado tunawachosha watu vilevile. Uchunguzi uliofanywa Metropolitan na kuchapishwa mwaka 2001 ulikuta mgeni huangalia kazi moja kwa wastani wa sekunde 27, na muda huo unajumuisha kusoma maelezo. Louvre ina kazi zipatazo 35,000 zilizowekwa wazi. Piga hesabu ya sekunde 27 kwa kila moja, bila kula wala kulala, utakaa humo siku 10 na zaidi. Kwa hiyo kujaribu kuona yote ni kazi bure tangu mwanzo. Mimi huchagua tano kabla ya kuingia, na moja kati ya hizo lazima iwe ya mtu nisiyemjua. Saa moja na nusu, kisha natoka nikale.

Halafu jifunze kusimama. Hili silioni kwenye vitabu vya wageni, na ndilo ninalopenda kumfundisha kila anayenifuata kazini. Picha ina umbali wake. Las Meninas ya Velázquez, ya mwaka 1656, ukiisogelea ni michirizo ya brashi isiyo na maana. Rudi nyuma hatua kwa hatua, na kuna mahali ambapo michirizo inageuka hariri. Tafuta mahali hapo kwa miguu yako. Picha ya wanandoa ya Jan van Eyck iliyoko National Gallery, London, ya mwaka 1434, inataka kinyume chake: ina urefu wa sentimita 82 tu, na siri zake zimo kwenye kioo kidogo cha duara kilichochorwa ukutani nyuma ya wenyewe. Jumba hilohilo lina mabalozi wawili wa Holbein, wa mwaka 1533, na chini yao doa refu lililopinda. Nenda upande wa kulia wa picha, karibu kabisa na ukuta, uangalie kwa pembeni: doa linakuwa fuvu la kichwa. Nimewaona watu wakipita mbele yake wakiwa wima katikati, wakapiga picha, wakaenda zao na doa lao.

Kusimama pembeni kuna faida nyingine. Mwanga ukiteleza juu ya uso wa picha, unaona unene wa rangi, viraka vya matengenezo ya zamani, hata mahali ambapo mchoraji alibadili mawazo.

Na ukiwa Louvre mbele ya Mona Lisa, mwenye sentimita 77 kwa 53 nyuma ya kioo chake na mamia ya simu zilizoinuliwa, geuka. Ukuta unaomtazama una harusi ya Kana ya Veronese, ya mwaka 1563, yenye upana wa karibu mita 10, iliyochukuliwa Venice na wanajeshi wa Napoleon mwaka 1797. Wengi huipa mgongo.

Maonyesho ya muda ni habari tofauti. Kazi zilizomo zimeazimwa, na kila moja imekuja na masharti yake ya bima, ya mwanga na ya tarehe ya kurudi. Mwaka 2023 Rijksmuseum ya Amsterdam ilikusanya picha 28 za mchoraji Vermeer, kati ya takriban 37 zinazohesabiwa kuwa zake. Tiketi ziliisha siku chache tu baada ya milango kufunguliwa. Msichana mwenye hereni ya lulu, ambaye wengi walimfuata, alirudi kwao, makumbusho ya Mauritshuis, mwishoni mwa Machi, wakati maonyesho yaliendelea hadi Juni. Aliyekwenda Mei hakudanganywa na mtu; hakusoma tarehe tu. Kata tiketi ya maonyesho ya namna hii kabla hujakata ya ndege. Na kama jumba dogo limekopesha picha yake maarufu, usilikimbie. Lina nafasi, lina ukimya, na mara nyingi hutoa ghalani kitu kisichoonekana kila siku ili kuziba pengo.

Vibao vya maelezo navyo nisiviache. Watu husoma jina la mchoraji wakaishia hapo. Mimi huanza na mstari wa mwisho, wenye namba, kwa kuwa majumba mengi huingiza ndani ya namba mwaka ambao kitu kilipokelewa. Usiku wa nyota wa Van Gogh uliochorwa mwaka 1889 una namba 472.1941 kule MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York: ulikaa miaka 52 nje, mikononi mwa watu, kabla ya kufika hapo. Vibao vya shaba vya Benin vilivyoko British Museum vingi vina namba zenye 1898 ndani yake. Mwaka mmoja kabla, 1897, askari wa Uingereza waliuvamia mji wa Benin, ulio Nigeria ya leo, na kuubeba utajiri wa kasri. Namba inasema hilo hata pale ambapo maneno yaliyo juu yake yanazungumza kwa upole.

Duka la kadi liko karibu na mlango wa kutokea, na hapo ndipo tunapokosea kulitumia. Nenda huko kwanza. Kadi zitakuonyesha kwa dakika tano jumba linajivunia nini. Nunua kadi ya mchoro wa karatasi unaoutaka, iangalie kwenye mwanga mzuri, ukariri mistari yake, kisha ingia nayo kwenye chumba changu. Macho yanayojua yanatafuta nini huona sana hata kwa luksi 50. Linganisha rangi, uone kadi ilivyotia chumvi. Ila tafadhali, usiiangalie kwa tochi ya simu. Nitakuwa nimesimama pale kwenye kona.